Nyumba moja Kamalondo, majimbo mengi: namna ya kusoma mgawanyo wa Kongo na bendera zake

Babu yangu alikuwa fundi wa reli. Alitoka Bukama akiwa kijana, akajenga Kamalondo, komini (yaani sehemu ya mji) kongwe ya weusi hapa Lubumbashi, na hakuhama tena mpaka siku tuliyomzika. Alituachia nyumba na kasanduku ka bati. Ndani ya kasanduku kuna vyeti vya kuzaliwa vya watu wa familia, na karibu kila kimoja kinataja jimbo tofauti, ingawa wote walizaliwa chini ya paa lile lile.

Mwaka jana Baba mdogo alipeleka cheti chake kwenye ofisi moja ya mji. Karani akakigeuza mara mbili, akasema, "Mzee, jimbo hili haliko." Baba mdogo akamjibu, "Leo haliko, mwanangu. Lakini mimi nilizaliwa humo." Walikwama pale asubuhi nzima. Jioni binti yake akaleta simu yenye picha ya bendera nyekundu, kijani na nyeupe, yenye misalaba mitatu, na chini yake yameandikwa maneno "bendera ya jimbo la Katanga". Akauliza, "Papa, kama jimbo letu lilikuwa hata na bendera yake, wanawezaje kusema haliko?"

Swali lake linachanganya mambo mawili, na si yeye peke yake anayeyachanganya. Kuna mistari ya ramani, ambayo serikali huichora ili itawale na igawe fedha. Halafu kuna vitambaa, ambavyo watu huvipandisha kusema wao ni nani. Hapa kwetu mambo hayo mawili yaligusana mara chache, na kila yalipogusana yaliacha alama.

Kabla ya yote, neno lenyewe. Msomaji wa Mwanza akisikia "jimbo" anafikiria eneo la mbunge. Wa Kenya anakumbuka ubishi wa majimbo wa miaka ya uhuru. Sisi wa Kongo tukisema jimbo tuna maana ya eneo kubwa kabisa chini ya taifa, lile linaloongozwa na gavana. Mtanzania angeliita mkoa. Na "wilaya" kwetu ni kile ambacho ofisi huandika kwa Kifaransa kama teritwari, chini ya msimamizi asiyechaguliwa na watu wa eneo lile, kwa maana yeye huteuliwa. Nitayatumia maneno hayo kwa maana ya kwetu.

Sasa tufungue kasanduku.

Cheti cha Papa ni cha 1958: Kongo ya Wabelgiji, jimbo la Katanga, Élisabethville, komini ya Albert. Élisabethville ndiyo Lubumbashi ya leo, na Albert ndiyo Kamalondo. Jimbo lile lilikuwa moja kati ya 6. Wabelgiji walikuwa wameigawa koloni katika sehemu 4 mwaka 1914, wakaongeza zikawa 6 mwaka 1933, wakayaita majimbo mapya kwa majina ya miji yake mikuu. Ndiyo maana jimbo letu liliwahi kuitwa Élisabethville, na lile la Kivu likaitwa Costermansville, jina la Bukavu enzi hizo. Mwaka 1947 majina yakabadilishwa tena: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga, Kasaï. Uhuru ulitukuta na hayo 6.

Cheti cha Shangazi ni cha 1962, na ndicho kinachonishtua kila ninapokishika. Hakina jimbo lolote. Kimeandikwa "Dola ya Katanga". Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe, mkuu wa serikali ya jimbo, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua dola hiyo rasmi, lakini ilikuwa na jeshi, fedha na stempu, na makarani wake waliandika vyeti vya watoto. Ilidumu mpaka Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoimaliza. Na hata ndani ya Katanga yenyewe haikuwa ya wote: Baluba wa kaskazini, waliokuwa na chama cha Balubakat chini ya Jason Sendwe, waliikataa tangu mwanzo, na damu nyingi ilimwagika kule. Babu, aliyekuwa Muluba wa Bukama anayeishi katika mji mkuu wa Tshombe, hakupenda kusimulia miaka ile. Alikuwa akisema tu kwamba alijifunza kutembea bila kuonekana.

Cheti cha Baba mdogo, kile alichokataa karani, ni cha 1964: jimbo la Katanga-Oriental. Kuanzia 1962 serikali ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) iliyavunja majimbo 6 yakawa 21, madogo madogo, hata watu wakayaita kwa Kifaransa "provincettes", yaani vijimbo. Katanga ilizaa tatu: Nord-Katanga, Lualaba na Katanga-Oriental. Katiba ya Agosti 1964 iliyataja majimbo hayo 21 pamoja na mji wa Léopoldville. Kwa hiyo cheti cha Baba mdogo ni sahihi kabisa, kimetolewa na jimbo lililokuwamo katika Katiba ya nchi. Halikuishi muda mrefu. Mobutu alipochukua madaraka alirudisha idadi chini ndani ya mwaka 1966, kwanza 12, kisha 8 pamoja na mji mkuu, na mwaka huo huo Élisabethville ikawa Lubumbashi.

Changu mimi ni cha 1979, na kinasoma kama cha nchi nyingine: Zaire, mkoa wa Shaba. Neno jimbo lenyewe lilikuwa limefutwa. Jimbo likaitwa rejio, wilaya ikaitwa zoni, hata komini ikawa zoni, na sekta na usultani, ngazi za mashambani chini ya wilaya, zikaitwa kolektivite. Jina Katanga lilifutwa kwa sababu Mobutu alijua lilivyobeba kumbukumbu ya kujitenga, na jina aliloweka, Shaba, lilikuwa neno letu la Kiswahili la madini yale yale yaliyofanya Katanga igombaniwe. Mwaka 1988, Kivu ikagawanywa mara tatu: Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Hapo hesabu ikafika 11 pamoja na Kinshasa. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wamekaa na mipaka hiyo hiyo tangu wakati huo. Mgawanyo wa 2015 haukuwagusa.

Sisi ulitugusa. Mwaka 1997 jina Katanga lilirudi, na cheti cha mtoto wa dada yangu wa 2001 kinalitaja. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 2, ilisema Kongo ina mji wa Kinshasa na majimbo 25. Hapo ndipo ubishi wa mitaani unapozaliwa, mmoja akisema 25, mwingine 26. Wote wana haki: Kinshasa ni mji wenye hadhi ya jimbo, na Katiba inautaja kando. Mwenye kuhesabu magavana atapata 26.

Mgawanyo wenyewe ulipaswa kufanyika ndani ya miezi 36 tangu taasisi mpya zikae. Haukufanyika. Ibara ya 226, iliyoweka muda huo, ikarekebishwa mwaka 2011, sheria ya utekelezaji ikaja Februari 2015, na Julai mwaka huo majimbo ya zamani yakavunjwa. Équateur ilizaa matano. Katanga ilizaa manne: Haut-Katanga yenye makao yake hapa Lubumbashi, Lualaba kule Kolwezi, Haut-Lomami kule Kamina, na Tanganyika kule Kalemie. Orientale pia manne, Bandundu na Kasaï-Oriental matatu matatu, Kasaï-Occidental mawili. Bas-Congo ilibadilisha jina tu, ikawa Kongo-Central.

Wengi wanadhani mistari hiyo ilibuniwa upya mezani. Sivyo. Kati ya jimbo na wilaya palikuwa na ngazi nyingine, distrikti, iliyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji, na majimbo mengi mapya ni zile distrikti zilizopandishwa cheo. Lualaba ya leo ni distrikti mbili zilizounganishwa, ya Lualaba na ya Kolwezi. Ngazi ile ya kati ikatoweka. Kwa hiyo mwanafunzi anayekariri leo mfuatano wa "jimbo, distrikti, wilaya" kutoka kwenye daftari la kaka yake anakariri nchi iliyokwisha.

Jambo lililouma halikuwa mistari, lilikuwa asili. Fomu nyingi za Kongo hazikuulizi tu umezaliwa wapi. Zinauliza jimbo la asili, wilaya, sekta au usultani, mpaka kijiji, na asili hiyo unairithi kwa baba. Sisi wajukuu wa fundi wa reli tulizaliwa Kamalondo wote, lakini asili yetu ni Bukama. Mpaka 2015 hilo halikuwa na uzito, kwa sababu Bukama na Lubumbashi zote zilikuwa Katanga. Siku moja tulilala watu wa jimbo hili, tukaamka wenye asili ya Haut-Lomami. Nimesikia kwa masikio yangu, sokoni na hata msibani, mtu akiambiwa "kwenu ni Kamina". Hakuna sheria inayosema hivyo. Mkongomani ana haki ya kuishi popote nchini. Lakini mstari ukishachorwa, kuna mdomo utakaoutumia.

Chini ya jimbo mambo yanagawanyika njia mbili, na hapa ndipo wageni hupotea. Njia moja ni ya mji: mji una komini, komini ina mitaa, tunayoiita kartie. Lubumbashi ina komini 7: Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Ndiyo, kuna komini ya Lubumbashi ndani ya mji wa Lubumbashi, kama ilivyo komini ya Goma kando ya Karisimbi ndani ya mji wa Goma, na barua nyingi zimepotea kwa sababu hiyo. Njia ya pili ni ya mashambani: jimbo lina wilaya, wilaya ina sekta na usultani, chini yake makundi ya vijiji, kisha vijiji. Nchi nzima ina wilaya 145. Haut-Katanga ina 6: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania.

Sekta na usultani ziko ngazi moja. Tofauti yake ni ya kihistoria: usultani unaongozwa na chifu wa mila ya pale, aliyetoka katika ukoo unaotawala, na serikali inamtambua, sekta ilikusanya jamii ndogo ndogo zisizokuwa na chifu mmoja. Usultani wa Bayeke, pale Bunkeya katika wilaya ya Lubudi, unafuata bado ukoo wa Msiri, mfalme aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, alipokataa kupandisha bendera yao. Hata hapo, tazama, palikuwa na bendera.

Halafu kuna jambo ambalo hata maofisa hulikosea. Wilaya ni kubwa kuliko sekta, lakini kisheria sekta ina nguvu ambayo wilaya haina. Sheria ya Oktoba 2008 inataja mamlaka zilizogatuliwa kuwa nne: mji, komini, sekta na usultani. Hizo zina utu wa kisheria, zina bajeti yake, zinaweza kutoza kodi na kushtaki au kushtakiwa. Wilaya, mtaa, kundi la vijiji na kijiji ni mikono tu ya serikali ya juu. Msimamizi wa wilaya anasimamia eneo kubwa, anaheshimiwa, lakini wilaya yake haina kikapu chake.

Na kikapu katika ukanda huu wa shaba si kidogo. Kwa Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha unaolipwa na kampuni ya madini hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali penyewe, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inakwenda kwa komini, sekta au usultani ambamo shimo linachimbwa. Sasa fikiri mgodi uliolalia mpaka wa sekta na usultani. Mstari ambao jana ulikuwa njia ya mbuzi, leo una thamani ya shule na zahanati. Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini watu wanagombana juu ya mipaka midogo huku kwetu aanze na hiyo 15, kabla hajafika kwenye makabila. Katiba nayo iliahidi majimbo kubakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakatwe pale pale yanapopatikana. Fedha hizo zimezoea kupanda Kinshasa kwanza, kisha zishuke kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa imeamua, na hilo ni deni ambalo majimbo hayapaswi kuchoka kulidai.

Nirudi kwenye bendera ya yule binti.

Juu ya nyumba ya babu zimepita bendera 7. Ya kwanza ilikuwa ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, ya tangu wakati wa Leopold. Tarehe 30 Juni 1960 ikaja ya buluu yenye nyota kubwa katikati na nyota 6 ndogo zilizopangwa wima upande wa mlingoti. Zile 6 ndizo majimbo: Katanga yetu ilikuwa nyota moja, na Kivu moja. Hapo ndipo ramani na kitambaa viliposhikana mikono. Lubumbashi iliiona siku chache tu.

Ikafuata bendera ya Tshombe, ile ya kwenye simu: wekundu juu, weupe chini, mkanda wa kijani ukikatiza kwa kupanda kutoka pembe ya chini karibu na mlingoti, na misalaba mitatu ya shaba kwenye weupe. Misalaba hiyo haihusiani na kanisa. Ni vipande vya shaba vilivyomiminwa kwa umbo la msalaba na mafundi wa kale wa huku, karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Vilitumika kama fedha, na wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta katika makaburi ya bonde la Upemba. Unaweza kuviona katika jumba la makumbusho hapa Lubumbashi. Sarafu za Tshombe za 1961 zilikuwa na msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Alama yenyewe, basi, ni kongwe kuliko siasa yoyote iliyoivaa, na mimi sioni haya kuipenda. Lakini kitambaa kilichoibeba kilikuwa bendera ya dola iliyotaka kuondoka. Jimbo la Katanga, kama sehemu ya Kongo, halikupewa kitambaa hicho. Maneno yale ya kwenye simu yamekosea mara mbili: bendera haikuwa ya jimbo, na jimbo lenyewe halipo tangu 2015.

Kosa hilo si dogo. Tarehe 23 Machi 2013 watu wa kundi la Bakata Katanga, linalotaka Katanga ijitenge tena, waliingia mjini hapa wakiwa na silaha na bendera ile ile, wakakatiza mitaa yetu mpaka kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, na watu wakafa. Mtoto anayeichora kwenye daftari akidhani ni nembo ya jimbo lake anapaswa kujua anachora nini.

Baada ya Januari 1963 Kongo ilirudi, na mwaka ule ule bendera ikabadilishwa: buluu, nyota moja pembeni, mkanda mwekundu wenye kingo za njano ukikatiza. Nyota 6 zikaondolewa wakati ule ule majimbo yalipokuwa yanafika 21. Mwaka 1971 Mobutu akaleta ya kijani, yenye duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila akairudisha ile ya uhuru. Hapo tulipata bendera yenye nyota 6 katika nchi yenye majimbo 10 na mji mkuu, na mwalimu wangu wa sekondari hakupata namna ya kutueleza. Marekani huongeza nyota kila jimbo jipya linapoingia, leo ziko 50. Brazil nayo ina 27, kwa majimbo 26 na mji mkuu. Kongo ilichagua njia nyingine. Bendera ya 2006, ya buluu ya anga, ina nyota moja tena, na haihesabu chochote. Ndiyo maana mwaka 2015, nchi ilipotoka 11 kwenda 26, hakuna fundi cherehani aliyeongeza nyota hata moja.

Katiba yetu inaieleza bendera hiyo katika ibara ya 1, ile ile inayosema Kongo ni moja na haigawanyiki, katika mipaka yake ya tarehe 30 Juni 1960. Tazama tarehe iliyochaguliwa. Ibara ya 2 inataja majimbo kwa majina na haiwapi kitambaa. Jirani zetu wana mawazo tofauti: sheria ya Kenya ya 2012 inataka kila kaunti kati ya 47 iwe na bendera na nembo yake, na Zanzibar imepandisha ya kwake tangu 2005 ikiwa na bendera ya Muungano kwenye pembe, na bado imo ndani ya Muungano. Mimi naamini Haut-Katanga ingeweza kuwa na alama yake siku moja, yenye msalaba wa shaba, bila kumtisha mtu. Lakini hiyo itakuwa kazi ya bunge la jimbo, kwa kura na kwa maandishi. Ukikutana na picha ya bendera ya jimbo lolote la Kongo mtandaoni, ulizia kwanza uamuzi ulioipitisha.

Baba mdogo alirudi kwa yule karani wiki iliyofuata. Nilimwandikia kwenye karatasi moja mfuatano wote niliouandika hapa, kuanzia 1947. Karani alisoma taratibu, akaomba radhi, akaandika: amezaliwa Lubumbashi, Haut-Katanga, asili Bukama, Haut-Lomami. Baba mdogo aliomba cheti chake cha zamani arudishiwe, na tumekiweka kwenye kasanduku, kati ya kile cha Shangazi na changu. Kipya kabisa humo ni cha kitukuu aliyezaliwa mwezi wa tatu. Jimbo lake ni jipya, na komini yake bado ni Kamalondo.